Nusu Yangu ya Mkanda wa Shanga

Mwayuma,

Uhuru wa Kongo niliushona mimi. Wengine waliuomba kwenye mikutano, wengine waliupigia ngoma, lakini mtu aliyeukata kwa mkasi, akaupiga pasi ya makaa, akaupeleka upandishwe juu ya mti ili mtaa wote wa Mangobo uuone, ni papa yako, Ramazani fundi, kwa mashini ya miguu ambayo kanyagio lake lilikuwa linalia kama bata. Bila mimi wakubwa wangesimama pale mbele ya mti mtupu wakiwapigia ndege saluti. Anayebisha aje barazani kwangu nimwoneshe sindano.

Haya, umeshavuta mdomo upande mmoja, namna unavyofanya kila nikianza. Usiikunje barua. Nimekaa kuandika mambo ambayo mdomo wangu hauwezi kuyasema bila kuyapamba. Kalamu naishika vibaya, unajua, na nikienda polepole hivi herufi kwa herufi, uongo unachoka njiani kabla ya kufika kwenye karatasi. Wewe umeenda kuwaaga rafiki zako, nyumba imetulia, kwa hiyo leo ni leo.

Masua, meli ya mto, inatoka kesho asubuhi kukupeleka Yangambi kwenye shule ya uuguzi. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga valisi na kamba, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya masua, tantine yako Sifa, dada yangu, amekuambia mpaka umeziba masikio. Mimi sirudii. Nina neno moja tu, lile la juzi.

Juzi ulitandaza mkanda wetu juu ya meza, ukautazama toka mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayesoma kitabu. Mimi nilikuwa nashona kifungo, nikajifanya sioni. Ukasema:

"Papa, huu mukanda utabaki."

"Utabaki na nani? Na panya?"

"Na weye. Nusu yangu naijua, kila ushanga. Nusu yako iko uongo mutupu. Batu ba kule bataniuliza, hii nyekundu yote iko nini? Nitajibu nini?"

"Utajibu: ni papa yangu, mwanaume."

Hukucheka. Ulichukua mkasi wangu mkubwa wa kitambaa ukauweka kando ya mkanda. "Alors tukate katikati, kila mutu na yake. Ao unisomee nusu yako sawasawa, vile ilikuwa, ndipo nitaubeba."

Nikakuambia habari nyingi za fundi na kazi yake, nikapiga mluzi, nikatoka nje. Hilo ndilo jibu ulilopata kwa papa yako: mluzi.

Kukata haiwezekani, na unajua. Unatia shanga zako kwenye uzi, unanipa sindano, natia zangu kwenye uzi huohuo, tunapitisha safu chini ya nyuzi za upinde wa kufumia, halafu sindano inarudi kwa juu ikipita ndani ya kila ushanga, zangu kwanza, kisha zako. Uzi mmoja umebeba watu wawili. Tukikata katikati, tutashinda tumepiga magoti tukiokota shanga chini ya kitanda, na hatutajua tena ipi ilikuwa ya nani. Donc limebaki lile la pili, nikusomee. Nami nataka uubebe, Mwayuma. Nasema wazi usije ukadhani nacheza. Kama kesho utapanda masua na mkanda ukabaki hapa mezani, sijui nitaingiaje tena katika nyumba hii.

Naanza na mwanzo, maana hata mwanzo niliuiba. Pale sokoni kila mtu anajua kwamba desturi ya kuandika siku kwa shanga aliizua Ramazani. Nimewaambia wanawake wa vitenge, nimewaambia wavuvi wa Yanonge wanaokuja kushonesha suruali, nilimwambia hata padri mmoja, akasema ni jambo la ajabu. Ajabu kweli, maana uliizua wewe.

Ilikuwa baada ya uhuru. Wenye maduka ya vitambaa walikuwa wameondoka, mashini yangu ilikaa kimya, na mimi nilikaa mbele yake kama mtu anayengoja mgonjwa aamke. Wewe ulikuwa unarudi kutoka shuleni na kuandika katika daftari mambo ya siku hiyo, kama mwalimu alivyowaagiza. Kila jioni nilikuambia, "Soma," nawe ulisoma: leo tumeimba, leo mvua, leo papa ameunguza ndizi za makemba. Jioni moja ukainua kichwa.

"Na weye papa, siku yako unaandika wapi?"

"Yangu iko mu kichwa."

"Ile ya mu kichwa inabadilika. Jana ulisema ulipiga mamba mumoja, leo iko wawili."

Shule niliiacha mwaka wa tatu, baada ya kumwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba hawezi kunifundisha kitu wakati pindo la suruali yake limeshonwa na mtu kipofu. Darasa lilicheka sana. Nililipa kile kicheko kwa kutojua kuandika jina langu zima. Sikukuambia hivyo. Nilikuambia kwamba watu wa kazi hawana wakati wa daftari. Ukaniangalia, ukaingia ndani, ukatoka na kopo la mama yako, Mungu amrehemu, lile la shanga za bibi zake, zilizofika huku na misafara ya biashara zamani. Yeye alikufa kwa homa wewe hujaanza hata kutembea, na kopo lile sikuwahi kulifungua. Ukaliweka mbele yangu. "Basi," ukasema, "andika na rangi."

Upinde wa fito niliukunja mimi, hilo ni kweli, na nyuzi za mashini nilizipaka nta ya mshumaa mimi. Lakini sheria zilikuwa zako. Ijumaa jioni, safu moja. Nusu ya kushoto yako, nusu ya kulia yangu. Kila mtu achague rangi zake na aseme kwa mdomo ni za nini. Na hakuna ruhusa ya kumsahihisha mwenzako. Sheria nzuri kwa mtu mwaminifu. Mimi niliingia ndani yake kama mbuzi aliyefunguliwa kamba karibu na shamba la watu.

Safu ya kwanza kabisa ulisema tuweke siku ya uhuru, ingawa ilikuwa imepita, ili mkanda uwe na mwanzo mkubwa. Upande wako uliweka nyeupe na nyeusi, ukasema ni watu waliovaa vizuri. Upande wangu niliweka njano tupu, nikasema ni nyota za bendera niliyoshona.

Bendera niliishona, ni kweli. Chef wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alinipa kitambaa cha buluu na kipande cha njano cha kukata nyota kubwa moja na ndogo sita. Lakini kabla ya kukata nyota nilikata kwanza kitambaa cha mfukoni, nipate kukikunja na kukichomeka hapa kifuani, kwenye koti, maana siku ya uhuru mwanaume hawezi kutoka na mfuko mtupu. Nyota zikatoka ndogo tano. Nikaipeleka hivyohivyo. Niliona watu watakuwa na furaha, nani atahesabu?

Chef alihesabu.

"Ramazani, kuya hapa. Iko ngapi?"

"Zinatosha, papa chef."

"Zinatosha nani? Naona tano. Moja iko wapi?"

Ilikuwa kifuani kwangu, imekunjwa pembe tatu, inang'aa. Nikajibu, "Papa chef, nyota hazitoke zote mara moja. Ile moja itatoka jioni."

Watu walianguka kwa kucheka. Yeye hakuanguka. Bendera iliyopanda juu ya mti siku ile ilishonwa na fundi mmoja wa Kabondo ambaye hata leo simsalimii. Yangu waliitandika mezani, wakaweka juu yake chupa za bia. Basi njano ile ni kitambaa cha mfukoni, usome hivyo. Na jambo lililoniuma baadaye ni dogo sana. Chef alikuwa na kipande kingine cha njano, nilikiona chini ya kwapa lake wakati wote ananisuta. Ningesema tu, "Papa chef, kimepungua," angenipa. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaona hasara kuumeza.

Safu nyingi zinazofuata ni za namna hiyo, na sitakuchosha. Ile ya kijani, niliyosema nimemfundisha mwarabu wa duka la pili kukata kanzu, yeye ndiye aliyenifundisha. Ile yenye buluu na nyekundu, niliyosema nimevuka mto kwa kuogelea kutoka ng'ambo, nilivuka ndani ya pirogi, mtumbwi wa watu, na nilitapika.

Sasa twende pale unapotaka twende.

Waasi walipoingia mjini, neno lilipita haraka kwamba wanatafuta watu wa kalamu. Makarani, walimu, mtu yeyote aliyekuwa na miwani. Jirani yetu karani alivunja yake mwenyewe kwa jiwe, halafu akawa anagonga kuta akitembea, na hiyo ilimtangaza zaidi. Mimi nilichukua madaftari yako yote nikayatia motoni chini ya chungu cha pondu, majani ya muhogo. Ulisimama unatazama.

"Papa, izo ni siku zangu."

"Siku zako ziko mbele. Toka hapa, moshi."

Pondu ile hukula. Kesho yake ulikuja na kopo na kusema kwamba tangu leo si Ijumaa tu, ni kila jioni, maana mkanda ndio daftari lililobaki. Waasi walipita mara mbili nyumbani mwetu na mkanda ulikuwa unaning'inia ukutani machoni mwao. Kwao ulikuwa pambo.

Safu ya siku waliyogonga unaijua. Upande wangu nyekundu kuanzia katikati mpaka ukingoni, bila hata moja ya rangi nyingine. Nilikuambia kwamba nilipita mlango wa nyuma, nikawazunguka, nikasimama barabarani kuwapigia kelele mpaka wakaacha mtaa wetu. Wewe ulitoa uzi mweupe kwenye nywele zangu, ukautazama, ukautupa, ukaweka shanga zako. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Ukasema, "Kifungo." Basi.

Mwayuma, nilikuwa chini ya meza ya kukatia, ndani ya rundo la sketi. Nilisikia kila kitu. Nasoma sasa ulichokuwa unafanya wewe, kwa sababu upande wangu hauna kitu cha kusoma.

"Nani anashona hapa?" Sauti ya kijana, bado inavunjika.

"Miye."

"Weye mutoto muke mudogo hivi? Papa yako iko wapi?"

"Alienda kutafuta chumvi."

"Batu bote banatafuta chumvi." Mkuki wake, au bunduki, sikuona, uligonga sakafu. "Kifungo changu kilianguka."

"Kuya karibu. Usitikisike, sindano itakudunga."

"Miye siogope risasi. Dawa yetu inageuza risasi maji. Nitaogopa sindano?"

"Unaogopa. Ona, umefunga macho."

Wenzake waliokuwa nje walicheka, na yeye akacheka pia, kicheko cha mtoto. Nilikuwa naona miguu yake kwa chini. Haikuwa na viatu, na kidole kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, safi, kama kimefungwa na mama yake. Ulishona kifungo, ukakata uzi kwa meno, ukamwambia, "Imeisha." Wakaenda.

Mimi nilibaki chini ya meza mpaka uliponiletea maji. Hapana, hata hapa nadanganya. Hukuniletea. Uliweka kikombe sakafuni karibu na sketi, ukatoka uwanjani, ili nitoke bila kuonekana. Nimelifahamu hilo miaka mingi na sijalitaja. Nyekundu yangu yote ile ni rangi ya sketi ya mke wa karani, iliyokuwa juu ya uso wangu.

Huko unakokwenda watakuletea wagonjwa wanaopiga kelele kwamba hawaogopi kitu, hasa wanaume, hasa wenye mdomo kama wangu. Sina la kukufundisha. Uliijua kazi hiyo siku ile, ukiwa bado hujafika begani kwangu.

Vita ilipogeuka na ndege zikaanza kupita juu ya nyumba, tulikimbia kwa kufuata reli, twende kwa yaya, dada yangu mkubwa Sifa, kule Ubundu. Mkanda ulijifunga wewe kiunoni mwako chini ya kitenge. Mimi nilijitwika kichwa cha mashini, na kwenye safu niliweka buluu nyingi, nikasema nimeificha mashini kwa akili mahali ambapo hata shetani hataipata. Akili hakuna. Ilinizidi uzito. Niliiacha mtaroni, nikaifunika majani matatu ya mgomba, na wewe ulikuwa mbele na ndoo, hukugeuka nyuma. Nadhani shetani aliipata siku ileile.

Ubundu sasa. Huko nataka niende polepole.

Unakumbuka shanga zilipokwisha? Nyeupe zilikwisha kwanza, maana ndizo zilikuwa rangi ya siku za kula, halafu nyeusi. Yaya Sifa alikuwa anakausha samaki juu ya moto, na wewe ukaanza kuokota mifupa ya mgongo wa samaki wadogo, ile pingili moja moja yenye tundu katikati. Uliichemsha kwenye maji ya majivu, ukaisugua na mchanga, ikatoka myeupe kuliko shanga za mama yako. Nyeusi tulipata kwenye mbegu za porini, mimi nikizitoboa na sindano iliyochomwa motoni. Yaya alikuwa anatucheka kutoka upande wa moshi.

"Ramazani, mwanaume muzima na ndevu, unatunga mifupa ya kambale?"

"Yaya, hii iko gazeti. Tunaandika habari."

"Basi andika: fundi alikula kichwa cha samaki ya dada yake bila kuuliza."

"Mwayuma, usiandike ile."

"Nimeshaweka," ukasema, na kweli ulikuwa umeweka, mbegu moja nyeusi katikati ya nyeupe, na ipo mpaka leo.

Ni huko ulikonifundisha herufi. Kwanza kwenye majivu, kwa kijiti. Ulikuwa mwalimu mbaya, mkali, unanipiga kwenye vidole na unacheka. Siku nilipoandika jina langu zima bila kukosea ulizunguka nyumba ukipiga kelele. Hii barua, mkono wake ni wako, ndiyo maana R yangu inaanguka mgongo. Kila jioni tulikaa hivyo. Moto, upinde katikati yetu, magoti yangu upande huu, yako upande ule, unanipa sindano, nakurudishia. Ulikuwa unaniuliza mambo, na mimi nasema, na wewe unasikiliza, hata ukijua nimepamba. Tangu mama yako afe hapakuwa na mtu aliyekaa mbele yangu muda mrefu hivyo bila kuwa na suruali ya kushonesha.

Nimefika, Mwayuma. Mpaka hapa nimesoma nusu yangu yote ya mkanda, ile inayosomeka, na nadhani mengi ulikuwa unayajua. Ungeweza kuusoma wewe mwenyewe ukingoja zamu ya sindano. Lakini uliniambia nisome vile ilivyokuwa, na kuna jambo moja ambalo halimo kwenye mkanda. Ukiupekua wote kwa taa hutaliona, kwa sababu siku hiyo niliweka rangi ya kweli.

Wiki iliyopita nilikuwa nakupimia sare. Shule ilituma vipimo vya darasa zima, vya wasichana wa mwaka wa kwanza, na hakuna hata kimoja kilichokutosha. Ilibidi niongeze kiunoni, niongeze mabegani, niteremshe pindo. Wewe ulisimama umeinua mikono, ukatazama zile namba, ukasema taratibu, si kwa kulalamika:

"Nitakuwa yaya ya batu bote. Bataniita mama."

"Watakuheshimu."

"Béatrice tulianza naye shule siku moja. Yeye anamaliza. Vita ilikula miaka yangu, papa."

Nami nikiwa na pini mdomoni nikasema, "Ndiyo. Vita."

Nilisema hivyo na pini zote mdomoni, wala hakuna hata moja iliyonichoma.

Unamkumbuka tonton Bosco wa reli, yule aliyekuwa anapita na kigari cha kusukuma kwa mikono, akikagua njia. Alifika Ubundu asubuhi moja, msimu wa mvua ulikuwa unakwisha. Wewe na tantine mlikuwa mtoni. Alinikuta naokota mbegu.

"Ramazani! Bado uko hapa na mutoto? Kule kwetu Kisangani imetulia. Shule ya batoto banamuke imefunguliwa."

"Wee."

"Ndiyo. Mwalimu wake yule wa zamani anaita majina, moja moja, kujua nani iko muzima. Alinikamata kwa mukono: ukipita Ubundu, uliza Mwayuma wa fundi Ramazani. Niende kumwambia nini?"

"Mwambie muzima."

"Na mutamuleta lini? Njia iko salama. Miye mwenyewe nitawapakia juu ya kigari mpaka pale."

"Tutakuja. Acha kwanza."

"Unangoja nini?"

Nikamjibu mzaha fulani. Siukumbuki, na ni mzaha pekee wa maisha yangu ambao siukumbuki. Alicheka, akanywa maji, akaenda. Mliporudi kutoka mtoni uliona alama za kigari kwenye reli, ukaniuliza kwa haraka, ukiwa bado na ndoo kichwani, "Tonton Bosco alipita? Alisema nini ya shule?"

Nikakuambia, "Anasema bado imefungwa. Iko na maaskari ndani."

Ukasema, "Bon." Ukashusha ndoo. Jioni ile mimi niliweka mifupa ya samaki myeupe nusu yote, nikasema, "Leo samaki walikuwa wengi." Na walikuwa wengi kweli. Wewe uliweka zako, ukanipa sindano.

Alipita tena, na tena. Kila mara nilihakikisha ninamfikia mimi kwanza kabla yako. Hakuna aliyejua, hata yaya Sifa. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja tena. Tulirudi mjini wewe ukiwa umeanza kujifunga kitambaa kichwani kama mtu mzima, na shule ya watoto ikasema umri umepita, ikabidi ufuate darasa la jioni na wanawake waliokuwa wakinyonyesha. Ulifuata. Ulishinda wote. Mimi nikajisifu sokoni kwamba akili hiyo umeitoa kwangu.

Nimejaribu kuandika hapa kwamba niliogopa waasi wasije wakarudi. Niliandika, nikafuta, utaona karatasi imechakaa pale. Sikuogopa. Niliogopa vitu vingi maishani na navijua vilivyo, na ile haikuwa hofu. Nilijua tu kwamba ukirudi shuleni utakuwa na daftari tena, jioni zako zitaingia huko, na mimi nitabaki na upinde peke yangu na nusu safu. Nilikuwa napenda zile jioni. Nilizipenda kuliko nilivyokupenda wewe, na nilidhani ni kitu kimoja.

Kesho ukiuacha mkanda sitauliza, na nikisimama na watu ukingoni mwa mto kukuaga sitapiga mluzi. Lakini usiende Yangambi ukiwaambia wale watoto wa darasa lako kwamba vita ndiyo iliyokula miaka yako. Ile miaka ya mwanzo, sawa, ni vita. Ile ya Ubundu, hapana. Shule ilikuwa wazi, mwanangu, mwalimu alikuwa anaita jina lako, na mimi nilijua.